Isale Mbele ya Watu wa Mipaka

Siku ile sikukaa chini tangu alfajiri. Nilikamua ng'ombe, nikamkatia majani, nikafagia uwanja ambao ulishafagiwa, nikabandika chai nikaisahau jikoni mpaka ikakauka. Mama mkwe wangu, Bibi Yuditha, alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi za mtori. Alinitazama nikipita huku na huku, akasema, "Mama Lucky, kama una vita nenda ukapigane, vikombe vyangu uviache."

Vita nilikuwa navyo kweli. Watu wa mipaka walikuwa wanakuja shuleni kusikiliza maoni ya wananchi, na msemaji wa Mrereni nilikuwa mimi, Eunike, mwanamke ambaye hata wachungaji wanapunguza sauti akinyanyuka kuongea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jimbo letu la uchaguzi limekuwa kubwa, watu wameongezeka, na ikapendekezwa ligawanywe mawili. Wakubwa walisema wanataka kila jimbo liwe na watu wenye maslahi yanayofanana, kwa hiyo wakaja kutuuliza wenyewe tunafanana na nani. Mstari waliokwishaupendekeza ulipita kwenye barabara ya lami. Juu ya lami ni Mrereni, kahawa na migomba mpaka unaugusa msitu. Chini ya lami ni Kwamare, nao wana kahawa na migomba, ila joto limewasogelea zaidi. Mstari ukipita pale, Kwamare wangetolewa kwetu, wakaingizwa jimbo la tambarare pamoja na wafanyabiashara wa Himo na wakulima wa mpunga wa Chekereni.

Kuhusu mfongo hawakusema lolote. Mfongo ni mfereji wetu wa maji, ule waliouchimba mababu kwa majembe ya mti. Unaanzia mtoni kule msituni, kwenye banio, yaani kizuizi cha kugawia maji, unapita Mrereni yote, unazama chini ya lami ndani ya kalavati na kutokea Kwamare. Sisi tuna siku zetu za maji na wao wana zao. Rogath, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, alipousikia ule mstari alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Wakishapata mbunge wao," alisema, "wakamwombe maji yeye."

Kila mtu alielewa. Mstari ukipita barabarani, Kwamare wangepoteza siku zao za maji, na kiangazi kimoja bila maji kinatosha kumaliza kahawa yao.

Na mimi ni mtoto wa Kwamare. Nimezaliwa kule, nimekulia kule, nikaolewa juu ya lami na Elimringi, ambaye kazi yake ni kupandisha wageni mlimani na kuniachia mimi ng'ombe, kahawa na mama yake. Utauliza, mtoto wa Kwamare anasimamaje kuwanyima maji watu wa kwao? Muulize kaka yangu Ezra.

Ezra amenipita miaka mingi. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanishika mkono kanisani siku ya harusi. Leo ndiye mwenyekiti wa kitongoji cha Kwamare. Kiangazi cha mwaka jana, siku ya zamu yetu, nilikwenda mapema kukata majani karibu na msitu, nikamwona kwa macho yangu mawili. Alikuwa na jembe, anafungua banio, maji yote yanashuka kwao. Wakati ule nilikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, nimekiotesha mwenyewe ili nibadilishe mikahawa ya marehemu baba mkwe iliyozeeka. Kwa siku zile za ukame maji yalikuwa ndiyo roho yake. Miche ikakauka yote.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata uwanjani nikamuuliza mbele ya watu. Nilitegemea angenivuta pembeni aseme, "Mdogo wangu, shida ilinizidi." Wala. Alinyoosha tai yake, akasema, "Eunike, wewe tangu utoto unaota ukiwa macho." Watu wakacheka. Wazee wa kanisa wakacheka. Nami nikacheka nao kwa aibu, na kicheko kile kikanikaa kifuani mwaka mzima.

Krismasi ilipofika, watu wakaja kutoka Dar na Arusha, magari yakajaa njia zote za mlimani, kila boma likachinja. Ezra akanitumia fungu langu la nyama, kama binti wa nyumba ile. Nililirudisha bila kulifungua. Mama mkwe alinyamaza siku nzima, na kwake kunyamaza ni kuchapa.

Kwa hiyo Rogath alipokuja kuniomba niwe msemaji, nilijua anataka nini. "Ukisema wewe uliyezaliwa kule," alisema, "nani atasema Mrereni tuna roho mbaya?" Ni mjanja, na mimi nilimjua kuwa mjanja, na nikakubali kwa mikono miwili.

* * *

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Madawati yalitolewa madarasani, Mrereni wakaketi upande wa juu na Kwamare upande wa chini, ingawa hakuna aliyewapanga. Kutoka halmashauri alikuja binti mmoja anaitwa Pamela, mtu wa Njoro pale mjini, miwani usoni na raba nyeupe ambazo vumbi letu lilishazisalimia. Alipita dawati kwa dawati akiwapa wazee shikamoo kabla hajafungua jalada lake. Hapo nikampenda, ingawa sikutaka kumpenda mtu yeyote siku ile.

"Leo hatuchori mpaka," alisema. "Leo tunasikiliza. Kila kitakachosemwa nitakiandika na kitakwenda juu kama kilivyosemwa."

Mzee mmoja wa kwetu akaanza. Alisema wagombea wakija kwetu wanaongea mpunga na wakienda tambarare wanaongea kahawa, kwa hiyo wote wanadanganywa sawasawa, afadhali kila mtu awe na mbunge wake wa kumdanganya. Watu wakacheka. Mama mmoja wa Kwamare akasimama akasema zahanati yao iko juu ya lami, shule hii iko juu ya lami, kanisa liko juu ya lami, "sisi na tambarare tunachochangia ni vumbi tu." Kijana wa bodaboda naye akadai apelekwe Himo haraka. "Kahawa ni ya wazee," alisema. "Mimi abiria wangu wako Himo, mtaji wangu uko Himo. Nipeni mbunge anayejua stendi, hayo mengine ni stori tu."

Kisha Baba Loveness, jirani yangu mnene, akanyanyuka polepole. "Mimi nina kihamba changu cha kahawa na migomba huku juu na shamba la mahindi kule chini, kama nusu ya watu mliokaa hapa. Sasa mkikata barabarani mtanikata kiunoni. Nataka kujua tu, nipige kura kwa kichwa au kwa miguu?"

Hata Pamela alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakunja na kukunjua ncha ya kanga yangu, narudia maneno yangu moyoni, na kila nilipoinua macho nilimwona Ezra upande ule mwingine amevaa koti lake la misibani, mkono mmoja kauficha ndani ya koti. Nilidhani anaumwa tumbo. Nikasema moyoni, vizuri, limuume.

Rogath alipopewa nafasi hakuzunguka. "Hatuwezi kuwa jimbo moja na watu wanaoiba maji. Mwaka jana walivunja banio letu."

Upande wa Kwamare ukalipuka. "Ushahidi! Toa ushahidi!"

Pamela akainua mkono. "Naandika ni madai, hayajathibitishwa."

"Shahidi yupo," Rogath akasema, akanigeukia. "Mama Lucky, njoo."

Nikasimama. Miguu ilikuwa inataka kukimbia kwenda kusema. Sijafika mbele, Ezra naye akasimama, akatoka kwenye madawati ya Kwamare, akaja mpaka tukakutana katikati ya uwanja. Akautoa mkono ndani ya koti. Ameshika isale.

Kwa asiyetujua, isale ni mmea wa majani marefu. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na kuzunguka makaburi ya wazee wetu. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake lililofungwa fundo, anakiri kosa na anaomba radhi, na wewe huna njia ya kukataa. Hata kama alikuulia mtu, unapokea. Na ukishapokea, lile kosa halitajwi tena kwa kinywa chako mpaka unaingia kaburini.

"Eunike," alisema, na hakunong'ona. "Nilikukosea. Nilifungua banio siku isiyo yetu. Uliniona, ukasema kweli, nikakuita mwota ndoto mbele ya watu wa Mungu. Nimekata jani hili kaburini kwa baba. Naomba unisamehe, watu walewale wakisikia."

Halafu sauti ya mwanamke wa Kwamare ikapasua, "Ezra! Umetuuza!" Wengine wakafuata wakimwita msaliti, mpumbavu, mzee aliyechanganyikiwa. Juu ya kelele zile nikamsikia Rogath akishangilia, "Andika, binti! Andika! Amekiri mwenyewe!" Na kalamu ya Pamela ilikuwa inatembea.

Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona. Mwaka mzima nilimngoja aje nyumbani na jani hili, na mtu wa kumsindikiza, na pombe ya mbege, kama inavyotakiwa. Nilingoja mpaka nikaona haya kungoja. Hakuja. Anakuja leo, sasa hivi, nikiwa nafungua mdomo! Tena anatembea na marehemu baba mkononi! Niliona nimetegewa mtego mbele ya serikali.

"Siasa, kaka?" nilimwambia kwa sauti ndogo. "Hata kwa kaburi la baba?"

"Pokea, Eunike." Akalisogeza jani karibu yangu.

Nyuma yangu watu wa Mrereni wakaanza kupiga kelele. "Usipokee!" Mwingine, nadhani aliona amepata akili kubwa, akasema, "Ongea kwanza, halafu ndiyo upokee!"

Bibi Yuditha alikuwa dawati la mbele na fimbo yake. Hakusimama, alipaza sauti tu. "Nani huyo anayesema isale lisipokelewe? Asimame tumwone, tujue ni wa ukoo gani."

Hakusimama mtu.

Nikapokea. Nilipokea kwa hasira, karibu nilinyakue, lakini nilipokea, na Ezra akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Haya, vizuri," Rogath akasema, anasugua viganja. "Ndugu wakipatana ni baraka. Sasa Mama Lucky, endelea na maoni ya Mrereni."

Niendelee na nini? Hotuba yangu yote ilikuwa lile kosa. Nililipanga usiku na mchana, nimeliongezea chumvi, na sasa halikuwa langu tena. Nikamwendea Pamela pale mezani. "Mwanangu, lile alilosema kaka lifute. Limeshasamehewa."

Alinitazama mimi, akalitazama jani. Alijua maana yake, mtoto wa Njoro au si wa Njoro. "Mama, nimeshaandika, na siruhusiwi kufuta," alisema taratibu. "Lakini ya kwako bado sijaandika."

Nikageuka. Ezra alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja. Kwamare walikuwa wamemgeuzia mgongo, wanawake waliosuka nywele zangu utotoni, wanaume waliobeba jeneza la baba. Mmoja alitema mate chini. Hakuna aliyemsogezea nafasi akae. Ndipo hasira yangu ikakosa mahali pa kukanyaga, maana kama huu ulikuwa mtego, basi aliyenaswa ni yeye. Angekaa kimya, neno langu lingekuwa neno langu na la kwake la kwake, madai ambayo hayajathibitishwa. Sasa kosa lao lilikuwa kwenye karatasi ya serikali kwa kinywa cha mwenyekiti wao.

"Andika," nilimwambia Pamela, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mmetuuliza tunafanana na nani. Mimi na watu wa Kwamare hatufanani. Ni wabishi, wana kiburi, najua kwa sababu wamenizaa. Watu wa Himo sijawahi kugombana nao hata siku moja, nawapelekea ndizi sokoni, tunasalimiana vizuri, narudi nyumbani. Chekereni siwajui hata wa kuwagombeza. Lakini hawa tunagombania mfongo mmoja tangu babu zetu, na kila msiba tunazikana. Mtu ninayegombana naye kila kiangazi na lazima nimzike, huyo ndiye wa jimbo langu. Mkitutenganisha hatutaacha kugombana. Tutakosa tu mtu mmoja wa kutusikiliza wote. Msitutawanye. Nimemaliza."

Baba Loveness alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Rogath alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake. "Damu nzito kuliko maji, Mama Lucky," alisema, "lakini migomba hainyweshwi damu. Kwenye kamati ya mfongo usije tena." Watu wangu wa Mrereni walianza kuondoka wakinipita bila kuniaga. Hata yule mwenye akili ya ongea-kwanza-upokee-baadaye alinipita akitazama juu kama anatafuta ndege.

Pamela alifunga jalada. Alisema maoni yote yatafika kwa wakubwa, na wao ndio watakaoamua, na hakuahidi zaidi ya hapo. Kabla gari lake halijaondoka, Kwamare walikuwa wameshakusanyika kwenye kona ya uwanja na kukubaliana kuwa watatafuta mwenyekiti mwingine.

* * *

Nilimkuta Ezra ukingoni mwa lami anasubiri malori yapite. Yalikuwa mengi, yanateremka kuelekea Himo na mpakani, na upepo wake ulikuwa unapeperusha koti lake. Alikuwa amezeeka. Sijui alizeeka lini, labda mwaka ule ambao sikushuka.

"Umenimaliza, kaka," nilianza, maana mimi sijui kuanza polepole. "Mwaka mzima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kiburi. Sisi wote tunacho, umewaambia mwenyewe."

"Na leo kiburi kimekwenda wapi? Uliogopa kupoteza maji?"

"Maji?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Maji leo ndiyo nimeyapoteza, hukuona? Karatasi ile ikifika kwa wakubwa na maneno yangu ndani, watatukata barabarani hapahapa. Na watu wangu hawatanisamehe."

"Sasa kwa nini, kaka? Kama si siasa, na si maji, ni kwa nini umekuja leo?"

Lori moja likapita, na lingine. Nilikuwa nimelikunja lile jani mkononi mpaka utomvu umenishika vidole.

"Jana Rogath alitamba pale dukani kwamba wewe ndiye utakayeongea," alisema. "Sikulala. Nilijua ungesema, na ungesema vizuri, na Kwamare ingekauka kwa mdomo wako. Hilo mimi ningekusamehe, Eunike. Kabla hujafika kwenye kiti ningekuwa nimekusamehe. Lakini wewe nakujua, nimekulea. Wewe huwezi kumletea mtu isale. Ungekaa kule juu na kosa lako mpaka nife, na siku ya kunizika ungesimama nyuma ya migomba, unaona aibu kusogea kaburini. Nikasema, bora mkosaji nibaki kuwa mimi."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kubisha, niseme si kweli, niseme angenipa nafasi ningekuja. Rogath alinichagua kwa sababu ya mdomo, lakini alichosema kaka kilikuwa kweli, na niliona machozi yananitoka mbele ya madereva wa malori. Salamu tu ndiyo iliyotoka, ile ambayo sikumpa hata mara moja tangu kiangazi kile.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema, akatazama barabara huku na huku. "Tuvuke, njia imekuwa nyeupe."